Mnabishana nani atarithi chama, lakini daftari la wanachama liko na nani?

Simama stage yoyote ya boda Kiminini, pale barabara ya Kitale–Webuye ama ndani kule Sikhendu, uulize swali moja tu: nani atamrithi nani? Chai haitapoa kabla upate majibu kumi. Ford Kenya baada ya Wetang'ula itakuwa ya nani? DAP-K inaelekea kwa Eugene ama kwa Natembeya? Na UDA siku Ruto akienda nyumbani, ni Kindiki, ni Mudavadi, ama ni mtu ambaye bado hatujaambiwa? Kila mtu ana jibu, na kila mtu ana uhakika.

Sasa ongeza swali la pili kwa haohao wasee. Wewe umeandikishwa chama gani? Mjumbe wa wadi yako ndani ya hicho chama ni nani, na alichaguliwa lini? Hapo sasa kimya. Mmoja ataangalia simu, mwingine atakumbuka ana mteja anamsubiri.

Huo ukimya ndio shida yetu. Tunajua majina ya warithi wote wa nchi hii, lakini hatumjui yule jamaa wa Waitaluk, Nabiswa ama Sirende ambaye jina lake limeandikwa kwenye orodha ya wajumbe. Na mrithi hapatikani jukwaani, hata watu wapige kelele namna gani. Anatoka kwenye ile orodha. Mwenye kushika daftari ndiye mwenye chama.

Na msifikirie nazungumzia vitu vya mbali. Hakuna sehemu ya Kenya imeumizwa na urithi wa vyama kama hapa kwetu, kutoka Bungoma hadi Trans Nzoia. Hebu tuhesabu pamoja.

Agosti 1991 Ford inaanzishwa kupambana na Kanu. Mzee wetu Masinde Muliro, mtu wa Kitale, alikuwa mmoja wa vinara wake. Agosti 1992 anarudi kutoka London, anaanguka uwanja wa ndege Nairobi, anafariki. Wakati huo Jaramogi Oginga Odinga na Kenneth Matiba walikuwa tayari wanavutana nani awe mgombea. Hawakuelewana. Ford ikapasuka: Ford-Kenya huku, Ford-Asili kule. Desemba 1992 Moi akapita na asilimia 36 hivi ya kura. Yaani zaidi ya nusu ya Wakenya walimkataa, na bado akabaki, kwa sababu wenzake walishindwa kukubaliana nani awe mbele.

Januari 1994 Jaramogi anafariki. Kiti cha Ford-Kenya kinaenda kwa Michael Kijana Wamalwa, mtu wetu tena wa Trans Nzoia. Raila Odinga naye anakitaka. Mwaka 1996 wanaenda Thika kufanya uchaguzi wa chama, mambo yanaishia kwa fujo. Raila anatoka, anachukua NDP. Chama kimepasuka mara ya pili.

Desemba 2002 Narc inaingia madarakani, Ford-Kenya ikiwa ndani. Wamalwa anakuwa Makamu wa Rais. Kwa mara ya kwanza watu wa hapa wanajiona ndani ya chama tawala, si nje wakichungulia. Agosti 2003 anafariki London. Musikari Kombo anachukua uongozi, lakini malumbano hayaishi, na kufikia uchaguzi wa 2007 kuna kitu kinaitwa New Ford Kenya. Mara ya tatu.

Halafu Wetang'ula anachukua simba. Mwisho wa Mei 2020 Wafula Wamunyinyi na Eseli Simiyu wanatangaza kwamba wamemng'oa. Wetang'ula anakataa. Kesi inaenda kwa Msajili wa Vyama, inaenda kwenye jopo la mizozo ya vyama, na mwisho wa yote Wetang'ula anabaki na chama. Wenzake wanatoka, na 2021 DAP-K inazinduliwa. Mara ya nne.

Sisi wa Kiminini tuliona matokeo yake mlangoni. Chris Wamalwa alikuwa mbunge wetu kwa Ford Kenya kutoka 2013 hadi 2022. Alipotafuta ugavana, George Natembeya wa DAP-K alimshinda, na kiti chenyewe cha Kiminini kikaenda kwa Kakai Bisau, DAP-K pia. Watu waliokuwa nyumba moja miaka miwili tu nyuma walikuwa wanapigania kura za mama mboga yuleyule.

Sitaki kusema nani alikuwa sawa. Nataka uone mtindo. Kila mara kiongozi anapokufa, anapozeeka ama anapochosha watu, hakuna njia ya kumbadilisha bila kuvunja nyumba. Anayeshindwa haendi kujipanga arudi kongamano lijalo. Anaenda kusajili chama chake. Na sisi tunamfuata na fulana mpya.

Utasema hiyo ni tabia ya vyama vidogo, vikubwa vina mpangilio. Vikubwa gani? Kanu ilitawala karibu miaka 40. Machi 2002 pale Kasarani ikameza NDP na kuweka manaibu wenyeviti wanne: Uhuru, Kalonzo, Mudavadi na Katana Ngala. Ilionekana kama wanne hao watashindana. Miezi michache baadaye Moi akamnyooshea kidole Uhuru na kusema huyu ndiye. Raila, Kalonzo na Saitoti wakatoka. Uhuru akapata asilimia 31 hivi, Kibaki 62. Jogoo hajawika tena Ikulu tangu siku hiyo.

Jubilee nayo ilizinduliwa Septemba 2016 kwa mbwembwe, ikaambiwa itatawala miaka na miaka. Kulikuwa na deni la mdomo, Uhuru kumi halafu Ruto kumi. Baada ya handisheki ya Machi 2018 deni likakataliwa. Ruto akahamia UDA na wilbaro yake, na kufika 2022 chama kilichokuwa kinatawala hakikuwa hata na mgombea wake wa urais. Kibaki vilevile aliingia na Narc, akatetea kiti na PNU iliyoundwa miezi michache kabla ya uchaguzi wa 2007. Kenya chama tawala huwa hakirithiwi. Hutupwa kama gunia la mbolea likiisha.

Na UDA? Gachagua alikuwa naibu wa kiongozi wa chama. Oktoba 2024 Seneti ikamwondoa ofisini, Kindiki akaapishwa Novemba mosi, na Mei 2025 Gachagua akazindua DCP. Januari 2025 ANC ya Mudavadi ilivunjwa ikaingia UDA. Mwanachama wa kawaida wa ANC hapa Magharibi aliulizwa kwa njia gani? Jirani zetu wa ODM nao, Raila alipofariki Oktoba 2025, kaka yake Oburu Oginga alikabidhiwa usukani haraka, na maswali yakabaki mtaani.

Kuna wenzetu walioweka angalau utaratibu. Tanzania, Magufuli alifariki Machi 2021, Samia akaapishwa siku mbili baadaye, na mwisho wa Aprili mkutano mkuu ukamchagua mwenyekiti wa CCM. Chama hakikupasuka. Lakini tusiwaige kwa kufumba macho. Mwaka 2015 kamati ya CCM ilikata majina ya waliotaka urais hadi yakabaki matano, Lowassa akaachwa nje, akahamia Chadema. Januari 2025 mkutano mkuu ulimpitisha Samia mapema bila mpinzani. Utaratibu bila ushindani ni foleni tu, na mbele ya foleni kuna mtu anayeamua nani apite.

Afrika Kusini ndiko kuna somo la upande mwingine. Desemba 2007 kule Polokwane, Thabo Mbeki akiwa bado rais wa nchi, wajumbe kutoka matawi ya ANC yao walimwangusha kwenye uongozi wa chama. Zuma alipata 2,329, yeye 1,505. Unaweza kusema walichagua vibaya, na wengi kwao wanasema hivyo. Lakini mtu wa tawi alikuwa na kura, kura ikahesabiwa, na rais aliye madarakani akashindwa ndani ya chama chake. Hebu niambie ni chama gani Kenya hiyo inaweza kutokea kesho.

Sasa turudi kwa daftari. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inasema chama kisajiliwe kikamilifu, lazima kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 walio wapiga kura katika kila kaunti, kwenye zaidi ya nusu ya kaunti zote. Yaani angalau kaunti 24, watu 24,000. Hao watu wanatoka wapi? Juni 2021 tulipata jibu. Wakenya walipoingia eCitizen kuangalia, wengi walijikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi hata kuvisikia. Jina na namba ya kitambulisho zilikuwa zimeshafanya kazi.

Ndiyo maana nasema wewe unaweza kuwa tayari umo ndani ya mchezo bila kujua. Jina lako linasaidia chama kusimama. Kodi yako inakilisha pia, kwa sababu Hazina ya Vyama hutengewa angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali kuu. Kitu pekee ambacho hukuulizwa ni nani awe kiongozi.

Najua vijana wenzangu watasema nini. Juni 2024 tulisema hatuna kabila, hatuna kiongozi, hatuna chama. Ile kauli ilikuwa na nguvu barabarani. Ilifanya isiwezekane kumwita mtu mmoja Ikulu, kumpa chai na kumaliza maneno. Mimi sitaidharau hata siku moja, kuna wenzetu hawakurudi nyumbani. Lakini kwenye daftari la chama, asiyekuwepo hahesabiwi kama mpinzani, anahesabiwa kama hayupo. Tukisema hatuna chama halafu tunangoja Agosti 10, 2027 tuletewe majina, tumewaachia wazee wachache wakae hotelini wachague mrithi, kisha sisi tuchague kati ya walichokichagua.

Wengine watasema hata ukiingia wataiba. Inawezekana kabisa. UDA yenyewe ilipoanza uchaguzi wa mashinani Aprili 2024 ilianza na kaunti chache, na malalamiko hayakukosa. Lakini angalia tofauti. Katiba, kifungu cha 91, inataka kila chama kiwe na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia. Jopo la mizozo ya vyama lipo kusikiliza ugomvi wa mwanachama na chama chake. Mwanachama akiibiwa ana mahali pa kupeleka malalamiko. Mtu wa stage anayepiga domo hana.

Kwa hivyo kazi ya kwanza haihitaji doo nyingi wala mhesh. Ingia eCitizen uangalie jina lako liko wapi. Ukikuta chama usichokijua, andika ujiuzulu, uweke nakala. Hii si mchezo hasa kama wewe ama rafiki yako mnafikiria kusimama MCA kama mgombea huru. Katiba inasema mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kwa 2027 hiyo ni kabla ya Mei 10. Kuna watu watajipanga mwaka mzima, kisha wakute jina lao limelala kwenye daftari la chama fulani.

Kazi ya pili ni ngumu kidogo. Kama kuna chama unachokitetea kila jioni hadi sauti inakauka, Ford Kenya, DAP-K, UDA, ODM, chochote kile, basi ingia kikweli. Uliza maswali matatu. Orodha ya wanachama wa wadi hii iko wapi? Wajumbe wetu ni akina nani na muda wao unaisha lini? Katiba ya chama inasema kiongozi anachaguliwa vipi? Wakikujibu, kuna kitu cha kushika. Wakikasirika, umejua hicho ni chama ama ni duka la mtu.

Natembeya ametufundisha kusema "Tawe", hapana. Ni neno tamu mdomoni, na tumelisema mikutanoni hadi watoto wanalijua. Lakini hapana ya mkutano inaishia hapo hapo uwanjani, gari za waheshimiwa zikishaondoka. Wadi sita za Kiminini zikipata vijana ishirini ishirini tu kwenye orodha za wajumbe, watu waliochaguliwa na wanaojua katiba ya chama chao, mwanasiasa atakayetaka kumteua mrithi wake mezani itabidi kwanza ahesabu. Na wanasiasa wetu, kama kuna kitu kimoja wanaheshimu, ni hesabu.