Tumpe binamu yangu naye nafasi ya kutuchongoa

Disemba iliyopita tulikuwa kwa shosho, binamu wote, na baada ya chapati mchezo ukawa ule ule wa kila mwaka: mchongoano. Unaujua. Mmoja anaanza na viatu vya mwenzake, mwingine anarudisha kwa gari la babake, kelele zinapanda hadi shosho anatufukuza nje. Mimi nilichapwa kwa simu yangu. Niliambiwa ni ya kitambo hadi ikiita inakohoa kwanza.

Aliyecheka wa kwanza, kabla hata wengine hawajashika, ni binamu yangu wa miaka 13 ambaye ana mtindio wa ubongo. Yeye hasemi kwa mdomo. Ana tableti yenye picha; akibonyeza, sauti inamtamkia. Kuna picha ya maji, ya choo, ya chakula, nimechoka, naumwa, asante. Kesho yake nilipitia vitufe vyote. Hakuna hata kimoja cha kumtania mtu. Na lililonikera zaidi ni kwamba katika mchezo mzima hakuna aliyemchongoa. Tulimhurumia. Kama umewahi kucheza mchongoano, unajua kwamba kurukwa si heshima. Ni kuambiwa wewe huchezi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kompyuta isiguse kabisa mambo ya kucheza na maneno. Najua wanachoogopa. Nimesoma insha ambazo AI imezijaza methali ambazo hakuna mzee aliyewahi kuzisema, eti ndege wa mapema hukamata mnyoo, Kizungu kilichovalishwa kanzu. Kama una mdomo na kalamu na bado unaiachia mashine ikutungie fumbo, hilo ni lako na mwalimu wako. Lakini kuna mtu ambaye bila mashine hana pa kuanzia.

Na hii si ndoto. Mwaka 1994, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh kule Uskoti, Kim Binsted na Graeme Ritchie walieleza programu yao iitwayo JAPE, iliyotunga vitendawili vya utani kwa Kiingereza. Haikuwa uchawi. Ilikuwa na orodha ya maneno, maana zake na matamshi yake, pamoja na violezo vichache vya swali na jibu. Inatafuta maneno yanayotamkwa sawa, kwa mfano cereal, yaani nafaka, na serial, yaani mfululizo. Inapachika moja mahali pa jingine, kisha inaunda swali linalochanganya maana zote mbili. Basi muuaji wa watu wengi akageuka kuwa muuaji wa nafaka za kiamshakinywa. Kwa Kiswahili hata hakichekeshi, najua. Watoto wa miaka 8 hadi 11 waliosomewa vitendawili vya JAPE walivitambua kuwa ni utani, ingawa vile vya binadamu viliwachekesha zaidi.

Ritchie na wenzake wa vyuo vikuu vya Edinburgh, Dundee na Aberdeen hawakuishia hapo. Kati ya 2003 na 2007 walitengeneza STANDUP, programu ya watoto ambao hawawezi kuzungumza. Mtoto anachagua mada au neno, programu inatunga kitendawili, sauti ya kompyuta inakitega. Ilijaribiwa shuleni na watoto wenye mtindio wa ubongo. Fikiria hilo: mtoto ambaye kila siku ndiye anayeulizwa, sasa yeye ndiye anauliza, na mtu mzima anakuna kichwa.

Sasa kwetu. Usidhani ni kutafsiri tu. Mchezo wa Kiingereza unategemea sana maneno yanayoandikwa tofauti na kutamkwa sawa. Sisi tunaandika tunavyotamka, kwa hivyo utajiri wetu uko kwa neno moja lenye maana tatu. Panda mti, panda mahindi, njia panda. Tembo wa Tsavo na tembo la mnazi. Chungu cha kupikia, dawa chungu, na chungu anayetambaa ukutani. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu uone maneno ya aina hii yalivyopewa namba ndogo kando, moja, mbili, tatu. Nusu ya kazi imeshafanywa.

Ngeli ndizo zinazosumbua. Ukisema "kaa amekimbia," msikilizaji ashajua ni wa baharini. Ukisema "kaa limezimika," ashajua ni la jikoni. Kiambishi kinatoboa siri kabla ya jibu! Hili lilinisumbua wiki nzima hadi nikaona mwanya: kiache kitu chenyewe kiseme. Nafsi ya kwanza haionyeshi ngeli. Hebu nikutegee.

Kitendawili! (Sema tega.) Baharini natembea upande, jikoni nawaka, na mgeni akifika sebuleni hutajiwa mimi kabla ya chai.

Kaa. Nilichofanya ni hatua ambazo kompyuta inaweza kufundishwa: chukua neno lenye maana tatu, kila maana uipe mahali na tendo, halafu sema "mimi". Mchongoano ni rahisi hata zaidi, kwa sababu mwingi una umbo moja: kitu fulani ni hivi hadi kinafanya vile. Kitu kizee, tendo la mzee. Simu, kukohoa.

Utaniambia, si mumrekodie tu michongoano kumi? Dada yake alifanya hivyo. Siku ya pili sote tulikuwa tumeikariri, na utani uliokaririwa ni tangazo la matatu. Utaniuliza pia kama utani wa mashine utakuwa wake kweli. Jameni, nani kati yetu hutunga michongoano yake yote? Hiyo ya simu yangu nilishaisikia mtaani ikisemwa kuhusu redio. Aliyenichapa alijua tu wakati wa kuitoa, na binamu yangu ana hisia hiyo ya wakati kutushinda sote.

Kwa hivyo wewe unayesomea kompyuta na unatafuta mradi wa mwaka wa nne, anza na maneno 200, maana zake, ngeli zake na picha zake. Umtafute anayesomea Kiswahili, maana peke yako utaniwekea tembo wote katika ngeli moja. Na tafadhali msimjazie yale ya adabu tu. Ana miaka 13.

Disemba si mbali. Simu yangu bado ni ile ile, na kila nikiitoa mfukoni binamu yangu huitazama, kisha hunitazama mimi, kisha huanza kutafuta kwenye vitufe vyake.