Nani Ashikaye Daftari?

Mama auzaye viazi vitamu vya Kabondo sokoni Oyugis aijua fedha vyema. Ajua atamlipa mwenye lori kiasi gani, atapeleka kiasi gani kwenye chama, na zamu ya kupokea juma hili ni ya nani. Lakini wakubwa wanapozungumzia uchumi wa fedha, humtaja kama mgeni aliyechelewa karamuni.

Katika Nyanza yetu fedha haikuingia kwa mlango wa benki. Iliingia kwa mlango wa kodi. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliitoza kila nyumba kodi, na mtu ambaye mali yake ilikuwa ng'ombe na nafaka akalazimika kutafuta rupia, mara nyingi kwa kibarua mbali na kwao. Akiba walianza kuijenga wananchi wenyewe. Mwaka 1947 Oginga Odinga na wenzake waliunda Luo Thrift and Trading Corporation kwa hisa za watu wa kawaida, bila kungoja kibali cha mwenye benki yeyote.

Tangu hapo akiba yetu imekua, na wezi nao wamekua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi ikirudi kwenye vyama vingi, Serikali iliilipa kampuni ya Goldenberg mabilioni kuwa fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi. Almasi! Kenya haina machimbo yake, na dhahabu yetu ni ile kidogo ya Migori na kwingineko. Shilingi ikaanguka, bei zikapaa. Mama wa viazi akalipia dhahabu asiyoiona.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya zamani, au ya Serikali peke yake. Mapema mwaka 2025 ukaguzi uliotangazwa hadharani ulionyesha kuwa zaidi ya shilingi bilioni 13 zimepotea katika KUSCCO, muungano ambamo vyama vya akiba viliweka fedha za wanachama wao. Viongozi wake walichaguliwa. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuwauliza?

Ndugu, mkutano mkuu wa Sacco yenu una tarehe. Fikeni mapema. Dai taarifa ya mkaguzi isomwe kwa Kiswahili au Kidholuo, mstari kwa mstari, kabla ya chai na posho kugawiwa.