Uhuru wa Dini Si Hisani

Watu wengi hudhani kuwa uhuru wa dini ni hisani: wengi huwavumilia wachache, na wachache huwashukuru wengi. Mimi nasema sivyo, na habari za Virginia, huko Marekani, ni ushahidi wangu.

Virginia ilipokuwa koloni la Uingereza, Kanisa la Anglikana lilikuwa kanisa la serikali. Mlipa kodi alichangia mishahara ya mapadre wake, hata kama yeye alisali kwingine. Wabaptisti waliohubiri bila ruhusa walitiwa gerezani, na wengine wakahubiri kupitia madirisha ya gereza.

Mwaka 1776 lilipoandikwa Azimio la Haki la Virginia, Bwana George Mason alipendekeza kwamba dini "zivumiliwe". Kijana wa miaka 25, James Madison, hakuridhika na neno hilo. Kwa kweli, anayekuvumilia leo aweza kuchoka kesho! Basi pakaandikwa kwamba watu wote wana haki sawa ya kufuata dini kama dhamiri inavyowaongoza.

Kisha Bwana Patrick Henry akaleta shauri la kodi ya kuwalipa walimu wa dini ya Kikristo, kila mlipaji akichagua kanisa lake. Wabaptisti nao wangepata fungu, lakini walilipinga, kwani walijua kuwa mkono ulishao ndio utawalao. Shauri likaanguka mwaka 1785. Januari 1786 ikapita sheria ya uhuru wa dini iliyotungwa na Thomas Jefferson, na mwaka 1791 Katiba ya Marekani ikalikataza Bunge kuweka dini ya taifa au kuwazuia watu kufuata dini zao.

Kazi haikwisha hapo. Katiba iliibana serikali kuu tu. Massachusetts iliendelea na kodi ya kanisa hadi 1833. Tena Madison, mtetezi wa haki ya "watu wote", alimiliki watumwa.

Wanafunzi wenzangu, sisi twalala bweni moja, Waislamu na Wakristo. Mwenzako akifunga au akisali, usidhani wamfanyia fadhila kwa kumwacha. Wampa kilicho chake. Na ukiona wengi wanamdhihaki mmoja kwa dini yake, simama naye, ijapokuwa dini hiyo si yako. Haki isiyolindwa kwa jirani haitadumu kwako.