Kona ya Walimu: Zumu ilitudanganya

Mwezi uliopita tuliombwa kumpiga picha bibi mmoja, atumiwe mwanawe aliyeko Kanada. Tukasimama mbali, tukavuta zumu mpaka mwisho. Uso ukatoka vidoti tupu, na bibi kitenge chake kipya alishakivaa!

Kamera yetu ndogo ni Canon PowerShot A530 ya mwaka 2006. Lenzi yake inavuta mara 4. Ukipita hapo, kamera inakata tu katikati ya picha na kuikuza, haiongezi kitu. Hiyo ndiyo zumu ya dijitali; sasa tumeizima kwenye menyu. Tunasogea kwa miguu.

Betri 2 za AA, zile za bei rahisi, zinaisha upesi, hasa ukiwasha flashi. Jumamosi tunarudi kwa bibi asubuhi, tumkalishe mlangoni penye mwanga.