Kipuri kikichapishwa Arusha, Namanga kitaitwa cha wapi?

Gia ndogo ya plastiki ikikatika ndani ya mashine ya fotokopi, mwenye duka la steshenari hana budi kusubiri. Kipuri kitaagizwa Dubai au Guangzhou, kitashushwa Mombasa au Dar es Salaam, kitalipiwa ushuru na nauli, ndipo kimfikie. Muuza vipuri naye anafungia mtaji wake kwenye maboksi ambayo huenda yakakaa stoo mwaka mzima.

Uchapishaji wa 3D unafupisha safari hiyo. Mashine husoma mchoro kutoka kwenye kompyuta, kisha hujenga kitu tabaka juu ya tabaka kwa plastiki iliyoyeyushwa. Mchoro unasafiri kwa intaneti, na kipuri kinatengenezwa siku mteja anapokihitaji.

Wapo wanaosema teknolojia hii itamfukuza mfanyabiashara sokoni. Sikubaliani nao. Ukitaka vikombe elfu kumi, kiwanda bado ni cha haraka na nafuu zaidi. Mashine hii inafaa kwa vipuri vichache vilivyo adimu, na mteja wa Kajiado bado atahitaji mtu wa kumletea.

Hofu yangu ni forodha. Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kupata cheti rahisi cha uasili mpakani, mradi bidhaa itoke ndani ya Jumuiya na iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Je, gia iliyochapishwa Arusha kwa plastiki ya China ni ya wapi? Ofisa mmoja akisema ni ya Tanzania na mwenzake akisema ni ya China, mwenye mzigo ndiye atakayelala Namanga.

Kanuni za uasili za mwaka 2015 tayari zinaitambua bidhaa iliyotengenezwa kwa malighafi ya nje, ikiwa imesindikwa kwa kiwango cha kutosha. Nchi wanachama zitamke wazi kwamba vipuri vilivyochapishwa vitapimwa kwa kipimo hicho, na ziviingize kwenye orodha.

Nawe mfanyabiashara, usingoje. Tunza risiti ya plastiki, gharama za kuchapisha na jina la karakana. Anza na gia na vifuniko. Breki na vipuri vingine vinavyobeba uhai wa watu waachie wenye viwango. Siku utakapoulizwa mzigo wako ni wa wapi, karatasi zako ndizo zitakazojibu.