Gurudumu libebe soko, mgongo wa mama upumzike

Ukisimama kando ya njia ya Rubaya siku ya soko, utaona mizigo miwili inapitana. Wa kwanza ni gunia la koltani. Linatoka shimoni kwenye mgongo wa mtu, lakini likifika tu barabarani linapata heshima yake: pikipiki, gari, depo yenye kufuli. Mzigo wa pili ni wa bibi wa mchimbaji anayerudi nyumbani, juu kule kambini. Unga, maharagi, chumvi, sabuni, bido ya mafuta, na juu yake kifuko cha makala. Kamba imemkaza kwenye kipaji cha uso, shingo imeinama, mtoto mchanga yuko mbele kifuani. Mzigo huu hauna gurudumu hata moja toka sokoni mpaka mlangoni.

Ndugu wachimbaji, ba mama na ba baba, leo hatutaki kuzungumza bei ya kilo. Tunataka kuzungumza huo mzigo wa pili. Sisi tunasema hivi: jamaa inayokula kutokana na machimbo inafaa kuwa na kigari kidogo cha soko, kile kinachokunjwa na kuwekwa pembeni ya nyumba. Kama jamaa moja haiwezi, basi nyumba tano zichange wawe nacho kimoja. Si kitu cha wazungu wala cha matajiri. Ni mgongo wa mama ndio tunaulinda, na ni franga za nyumba.

Mtu asituambie kwamba gurudumu ni kitu kigeni hapa kwetu. Kivu ya Kaskazini ni nchi ya chukudu. Mahali pengine duniani watu walingoja kiwanda. Hapa watu walichukua panga, tindo na mti wa kalitusi, wakachonga chombo cha magurudumu mawili, wakakivalisha mpira wa matairi ya zamani. Wazee wanasema kilianza miaka ya 1970, wakati wa Zaire. Tangu hapo chukudu imeshusha viazi, shu, makala na mbao kutoka milima ya Masisi na Kibumba mpaka Goma. Chukudu moja hubeba kilo mia kadhaa, mzigo ambao wanaume wanne hawawezi kuuinua. Goma wamejenga hata sanamu yake, imepakwa rangi ya dhahabu, na rond-point nzima inaitwa kwa jina lake.

Sasa tuulizane: chombo kilichopewa sanamu, juu ya nini hakifanyi kazi ya nyumba? Chukudu hubeba makala ya kuuza, haibebi makala ya kupikia. Ni ya mwanaume na ni ya biashara. Mama akirudi na vitu vya kulisha watoto sita, tunasema hiyo si kazi ya kutafutia chombo, "ni soko tu". Hiyo "soko tu" tuipime. Bido ya litre 20, ikijaa mayi, ni kilo 20 peke yake. Ongeza kilo 10 za unga, kilo 5 za maharagi, litre 5 za mafuta: umeshafika karibu kilo 40, na makala hujaweka bado.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani, lile tunaloita OIT, lilitoa mashauri juu ya uzito ambao mfanyakazi anaweza kubebeshwa kwa mikono na mgongo. Kwa mwanaume mzima lilisema isipite kilo 55. Kwa mwanamke lilisema uzito uwe chini sana ya huo, na mwenye mimba asipewe mizigo kama muganga anaona itamdhuru yeye au mtoto wake. Hayo yaliandikwa kwa ajili ya wafanyakazi wenye mshahara na bwana wa kazi. Mama wa kambini hana bwana wa kazi wa kumshitaki, lakini mifupa yake ni ile ile. Tunawajua ba mama ambao hawajafika miaka 40 na shingo zao hazigeuki tena vizuri. Mmoja wao, jirani yetu, alituambia: "Miye mugongo yangu ilishakwisha, lakini nikikosa kubeba, watoto watakula nini?"

Watu wa Walikale wanajua kuliko sisi sote mzigo wa mgongoni unagharimu nini. Wakumbuke Bisie. Kasiterite ilipoanza kuchimbwa kule mwanzoni mwa miaka ya 2000, hakukuwa na njia ya gari. Kutoka Njingala ilikuwa kutembea msituni siku mbili, kwenye matope na mizizi. Gunia la madini lilitoka mgongoni, na chakula kiliingia mgongoni vilevile. Ndiyo maana mchele, sabuni na bia vilipofika mlimani bei yake ilikuwa imepanda mara nyingi kuliko Njingala au Mubi. Madini yalipofika Kilambo yalipanda ndege pale juu ya barabara ya lami, yakaruka mpaka Goma. Mchimbaji aliyeyatoa alibaki ananunua unga kwa bei ya dhahabu, kwa sababu unga huo ulikuja kwa miguu ya mtu. Baadaye kampuni ya Alphamin ilifungua njia mpaka Bisie na kuanza kutoa madini mwaka 2019. Magari yakafika mahali ambapo zamani ilifika migongo tu. Kuna mengi ya kuzungumza juu ya nani alifaidika, tutayazungumza siku nyingine. Fundisho moja liko wazi: mahali gurudumu halifiki, maskini ndiye analipa tofauti.

Basi hicho kigari ni nini? Wengi mmekiona Goma, kinakuja na mizigo ya wafanyabiashara. Ni fremu ya chuma chepesi yenye mkono wa kushika, magurudumu chini, na mfuko au sanduku katikati. Ukifika nyumbani unakikunja, kinakuwa chembamba kama kiti cha kukunjwa, unakisimamisha nyuma ya mlango. Kwa nyumba zetu za mbao na shiti, ambamo watu saba wanalala katika chumba kimoja, kukunjwa si urembo. Kisipokunjwa kitalala nje, na kikilala nje, asubuhi hakipo. Tena kikikunjwa, motari anakifunga nyuma ya pikipiki bila kukulipisha nafasi ya mtu.

Lakini msinunue kwa macho. Vile vyenye magurudumu madogo ya plastiki vilitengenezwa kwa sakafu laini ya duka. Vipeleke kwenye mawe ya volkano ya Goma, au kwenye matope ya Mushaki mwezi wa kumi na moja, havitamaliza wiki tatu. Tafuteni gurudumu kubwa, angalau upana wa sahani ya kulia, lenye mpira. Tazameni chuma cha katikati kinachoshika magurudumu mawili: kama kinapinda kwa mkono, kiacheni. Unga na bido viwekwe chini, karibu na magurudumu, vitu vyepesi juu. Kwenye mteremko msikitangulie. Kigari kitangulie mbele yenu huku mkikishika kwa kamba, au kishushwe nyuma-nyuma. Chukudu nyingi zina kipande cha mpira nyuma cha kukanyaga kama breki. Kigari cha soko hakina, breki yake ni wewe.

Na tuseme ukweli mwingine: kuna mahali hakitafika. Kuna makambi ambako njia ni ngazi za udongo, na mvua ikinyesha hata mbuzi anateleza. Huko mgongo utabeba bado. Lakini kutoka soko mpaka mwanzo wa kilima mara nyingi ni njia pana, sehemu ndefu kuliko ile ya kupanda. Mzigo ukifika hapo kwa gurudumu, mama anapanda mara mbili na nusu-nusu, badala ya kuvunjika mara moja.

Tunajua mtakayosema. La kwanza: "Na wabebaji wataishi na nini?" Ni ulizo zuri, kwa sababu mbebaji naye ni mtu wetu, mara nyingi ni kijana ambaye shimo limefungwa au ambaye vita imemtoa kwao. Jibu letu: mbebaji hafi kwa sababu ya gurudumu. Mbebaji mwenye kigari atafanya safari tatu mahali alifanya moja, na atafika miaka 50 akiwa bado anatembea. Wale wa chukudu ni wabebaji pia, na hatujasikia wakilia kwamba gurudumu liliwanyanganya kazi. Anayepoteza kazi yake kweli ni mtoto wa kike wa miaka 11, anayeachishwa masomo siku ya soko ili asaidie kubeba. Huyo apoteze kazi hiyo, na arudi darasani.

La pili hamtalisema kwa sauti, lakini tunalisikia: haya. Mwanaume anayeshindana na mlima wa Masisi juu ya chukudu ya makala, jasho likimtoka, anajiona simba. Mpe mwanaume huyo huyo kigari chenye nyanya na sabuni, ataangalia kushoto na kulia kama mwizi. Na mama naye anaogopa majirani: "Huyu anajifanya bibi wa Goma."

Hiyo haya si yetu peke yetu. Marekani, mwaka 1937, mwenye maduka mmoja wa Oklahoma City, Sylvan Goldman, aliona wanunuzi wanaacha kununua pale kikapo kinapokuwa kizito mkononi. Akachukua wazo la kiti cha kukunjwa, akakiwekea magurudumu na vikapo viwili. Kigari cha kwanza cha duka kilikuwa cha kukunjwa! Watu walikikataa. Vijana wanaume waliona watasemwa hawana nguvu, na ba mama waliona kinafanana na kigari cha kusukumia watoto. Goldman akalipa watu wazuri-wazuri, wanaume kwa wanawake, wazunguke dukani wakikisukuma mbele ya wengine. Haya ikaisha, na leo maduka makubwa mengi duniani yanavyo.

Sisi hatuna franga ya kulipa watu wazuri-wazuri. Lakini tuna viongozi wa machimbo, wenye mashimo, wachungaji, makatekista. Mmoja wao akionekana siku ya soko anasukuma unga wa nyumba yake mwenyewe, kazi ya Goldman imekwisha.

La tatu ni pesa. Tunawaomba mfanye hesabu ndogo. Andikeni kila franga mnayompa mbebaji na motari kwa ajili ya vitu vya nyumba, mwezi mmoja tu, kisha miezi mitatu. Wengi wataona kwamba kigari wameshakilipa, na hawanacho. Asiyeweza peke yake aingie likelemba. Ba mama wetu wanajua likelemba kuliko benki: nyumba tano, kila wiki mchango kidogo, na duru ya kwanza inanunua kigari cha wote. Mwenye siku yake anakichukua, anakirudisha kikavu na kisafi. Gurudumu likivunjika, wote wanachanga.

Na si lazima kitoke mbali. Mafundi wa chukudu, mko wapi? Mnaojua kuchonga chombo cha kubeba gunia sita za makala mnaweza kutengeneza kidogo cha kubeba kilo 40, chenye bawaba katikati ili kikunjwe, na mkono wa urefu wa mwanamke. Wauzaji wa vyuma na wenye kuchomelea wako Sake, wako Masisi-Centre, wako Mubi. Kikiundwa hapa, kikiharibika kitatengenezwa hapa, na franga itabaki hapa.

Kwa koperative za wachimbaji, tunaomba jambo moja. Mnakata kiasi fulani kwenye kila kilo kwa ajili ya hiki na kile. Toeni kidogo mnunue vigari kumi vya makambi, muone. Kwa wale wote wanaosimama kwenye bariere, wa upande wowote, tunaomba moja pia: kigari chenye unga na sabuni si gari la biashara, na mama anayerudi nyumbani si mfanyabiashara. Msimtoze kwa sababu tu ameacha kuinama. Na sisi wenyewe, siku ya salongo, tuchukue jembe na beleshi. Shimo moja la maji likijazwa mawe kati ya soko na kambi lina faida kuliko hotuba tatu.

Mchimbaji anajua thamani ya vyombo. Hakuna anayeingia shimoni na kucha. Anataka nyundo, tindo, taa, na akikosa anakopa. Kwa kazi yake anatafuta chombo, kwa kazi ya bibi yake anasema "wamezoea". Hapana, hawajazoea. Wamenyamaza tu, kwa sababu ukiwa na kamba kwenye kipaji na kilo 40 mgongoni, pumzi ya kusema haibaki.

Siku ya soko inayokuja, baba, shuka naye. Ubebe wewe kwanza mpaka nyumbani. Kisha kesho yake tuzungumze kigari.