Fasheni za Uingereza: Uhuru wa Nani?



Vijana wetu, hasa wanafunzi, wamezoea kusema kwamba Waingereza wameendelea katika mavazi kwa sababu kila kizazi kilidai uhuru wake. Mzazi akiuliza mbona suruali imechanwa magotini, anajibiwa: "Mama, hiyo ndiyo fasheni, dunia inaenda mbele." Hebu basi tuitazame safari hiyo, tuone ni nani aliyeshika usukani.

Kuanzia Juni 1941 mpaka Machi 1949 nguo huko Uingereza zilikuwa za mgao. Ukitaka koti ulitoa pesa na kuponi juu yake, na serikali yenyewe ikiwahimiza watu kutia viraka na kushona upya zilizochakaa. Wenye kufanya hivyo ni mababu wa Waingereza hawa hawa wa leo.

Mwaka 1955 Mary Quant alifungua duka lake, Bazaar, katika barabara ya King's Road, London. Ilipofika miaka ya sitini sketi zikapanda juu ya magoti, na mpaka leo tunaambiwa huo ulikuwa ukombozi wa mwanamke. Wapo wasichana waliofurahi kweli kuachana na mavazi ya mama zao, hilo halikataliki. Lakini sketi ilipofupishwa zikahitajika soksi za kubana hadi kiunoni, tena za rangi, kisha vipodozi, na vyote hivyo viliuzwa kwa jina la Quant. Kitambaa kilipungua, gharama haikupungua! Mwaka 1966 akatunukiwa nishani ya OBE.

Miaka ya sabini wakaja punki. Vivienne Westwood na Malcolm McLaren walikuwa na duka namba 430, barabara ile ile. Fulana zilizochanwa, pini, minyororo. Vijana wengi hawakuwa na kazi, wakaona matambara ni njia ya kuwatukana wakubwa, Malkia akiwemo. Ajabu ni kwamba matambara hayo yalikuwa na bei, tena si bei ya mtu asiye na kazi. Na Malkia yule yule? Mwaka 1992 Westwood alipewa OBE, na mwaka 2006 akapandishwa cheo akaitwa Dame. Sasa wewe mwanafunzi, suruali yako iliyochanwa kiwandani inampinga nani?

Mabega yaliyojazwa ya miaka ya themanini tuyaache, yaliwachekesha hata wenyewe.

Wazee wetu wengi hulalamikia ufupi wa nguo. Mimi naona msiba mkubwa zaidi ni kasi. Zamani nguo ilibadilika kwa msimu, leo duka la mtandaoni huleta mitindo mipya kila siku, na bei hushuka kwa kumbana anayeshona. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka karibu na Dhaka, Bangladesh, wakafa watu 1,134, wengi wao wanawake. Nyufa zilionekana siku moja kabla, na bado wakaamriwa kurudi kwenye cherehani. Miongoni mwa nguo zilizoshonwa humo ni za Primark, duka linalojaa watu Oxford Street. Kampuni ililipa fidia, ndiyo, lakini fidia haimrudishi mama kwa wanawe.

Mwaka 2019 kamati ya Bunge la Uingereza ilisema Waingereza hununua nguo nyingi kwa kila mtu kuliko nchi yoyote ya Ulaya, na kwamba tani zipatazo 300,000 hutupwa kwenye mapipa ya nyumbani kila mwaka. Kamati ikapendekeza wenye viwanda watozwe peni moja tu kwa kila nguo. Serikali ikakataa. Peni moja!

Na tusidhani sitara imesalimika. Mwaka 2016 Marks & Spencer waliuza burkini, na mwaka 2017 Debenhams wakatangaza kuuza hijabu, watu wetu wakashangilia kana kwamba tumeheshimiwa. Duka halikusilimu, lilihesabu wateja. Maduka ya Debenhams yalifungwa yote mwaka 2021, na dada aliye na hijabu kumi na mbili kabatini bado anaambiwa rangi zake zimepitwa na wakati.

Zisizotakiwa huko, nyingi hufungwa marobota zikaletwa kwetu. Mama wa Owino, Kampala, au wa Gikomba, Nairobi, hununua robota bila kuona ndani, mara nyingi kwa pesa ya mkopo. Alikuwa akipata makoti mazito na mashati ya kudumu. Sasa akilifungua anakuta blauzi za bei rahisi zilizokwisha kufubaa baada ya kufuliwa mara mbili tatu, zipu zimekatika, kwapa zimechanika. Hawezi kulirudisha, na deni linamsubiri.